Injini Iliyolala: Jibu kwa Msomaji Anayetaka Kununua Subaru

Msomaji wetu wa Nakuru ameuliza hivi: "Nimeweka akiba ya kununua gari la familia na moyo wangu uko kwa Subaru Forester. Mjomba wangu aliwahi kuwa na Legacy ya 1998, naye ameniapia kwamba injini ya Subaru ni ya ndege, kwamba inachemsha, inakula oili na mwisho inakula mfuko. Vijana wa mtaani nao hawataki kusikia gari lingine likitajwa. Kampuni hii ilitoka wapi, na kati ya mjomba na vijana ni nani mkweli?"

Ndugu msomaji, mjomba wako hakusema uongo. Alisema ukweli wa gari alilokuwa nalo yeye, kisha akaueneza kwa kila gari lenye nyota sita mbele. Vijana nao wamefanya vivyo hivyo kwa upande wa sifa. Ninayatengeneza magari haya kwa riziki yangu, na ninachokiona kila siku ni kwamba linalosifiwa na linalolaumiwa katika Subaru hutoka mahali pamoja, yaani katika jinsi injini yake ilivyolazwa. Ukishaelewa kwa nini Wajapani hao waliilaza, utajua pia ni Forester ipi ya kununua na ipi ya kuipisha.

Tuanze na hilo la ndege, maana limezungukwa na hadithi nyingi. Ni kweli kampuni ilizaliwa kwenye ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Japan kabla ya kuacha utumishi, alifungua karakana ya utafiti wa ndege katika mji wa Ota, mkoani Gunma. Karakana hiyo ilikua ikawa kampuni ya Nakajima, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa ndege nchini humo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege ya kivita ya Hayabusa ilikuwa yao, na injini yao iliyoitwa Sakae ndiyo iliyorusha hata ile Zero mashuhuri iliyobuniwa na Mitsubishi. Japan iliposhindwa mwaka 1945, kuunda ndege kulipigwa marufuku. Kampuni ikabadilishwa jina kuwa Fuji Sangyo, na mwaka 1950 ikakatwakatwa vipande. Wahandisi waliozoea kupima chuma kwa gramu wakajikuta hawana cha kuunda, na mwaka 1946 wakaanza kutengeneza skuta iliyoitwa Rabbit, ambayo za mwanzo zilifungwa magurudumu ya mkia wa ndege za mabomu yaliyobaki ghalani.

Mwaka 1953 vipande vitano kati ya vile vilivyokatwa viliungana tena kwa jina la Fuji Heavy Industries. Kenji Kita, aliyeiongoza kampuni hiyo mpya, alitaka iunde gari, na gari hilo akaliita kwa jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Wazee wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue msimu wa kulima, na bado wanasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa hiyo unapomwona kijana amebandika nembo ile kwenye kioo cha nyuma, ujue amebandika Kilimia. Nyota kubwa ni kampuni iliyozaliwa, na zile ndogo tano ni kampuni zilizoungana.

Gari la kwanza, Subaru 1500 la mwaka 1954, halikupata kuundwa kwa wingi, kwani yaliundwa ishirini hivi tu. Lililowapatia riziki lilikuwa Subaru 360 la mwaka 1958, gari dogo la sentimita za ujazo 356 lenye injini nyuma, lililobuniwa na kikosi cha Shinroku Momose, mhandisi aliyetoka Nakajima. Hapa ndipo ninapotaka kumsahihisha mjomba. Injini za ndege za Nakajima hazikufanana hata kidogo na injini ya Legacy yake. Sakae ilikuwa na silinda kumi na nne zilizopangwa kuzunguka mhimili mmoja kama miale ya jua, nayo ilipozwa kwa upepo. Kilichovuka kutoka kwenye ndege kwenda kwenye gari ni watu, pamoja na tabia yao ya kuhesabu uzito wa kila kipande. Injini yenyewe haikuvuka.

Injini iliyolala ilikuja mwaka 1966 katika gari lililoitwa Subaru 1000, nalo pia lilikuwa kazi ya Momose. Alitaka gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ili sakafu ya abiria iwe tambarare, lakini alitaka vilevile mihimili miwili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu hayo iwe na urefu sawa kushoto na kulia, na uzito usielemee upande mmoja. Injini ya kawaida ina silinda zilizosimama kwa mstari. Yeye alizilaza ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, hivi kwamba pistoni zinazotazamana hutoka na kurudi kwa pamoja, kama mabondia wanaogonganisha glavu kabla ya pambano; ndiyo maana inaitwa injini ya boksa. Faida zake ni mbili. Kwa kuwa pistoni hizo husukumana kwa pande zinazopingana, mtikisiko wa upande mmoja huuzima ule wa upande wa pili, na kwa sababu hiyo injini hutulia. Halafu uzito wote huwa chini, karibu na barabara, na gari halilali sana kwenye kona.

Ukiangalia Subaru kwa chini, utaona gia boksi imefuata injini kwenye mstari uleule katikati ya gari. Mpangilio huo ulirahisisha jambo jingine ambalo halikuwa limepangwa. Shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japan, lilikuwa na mafundi waliotakiwa kupanda milima yenye theluji kukagua nyaya, na lilitaka gari lenye nguvu kwenye magurudumu manne lakini lenye starehe kuliko zile jipu za jeshi walizokuwa wakizitumia. Subaru ilihitaji kurefusha tu mhimili kutoka nyuma ya gia boksi hadi difu ya nyuma. Kutokana na majaribio hayo, mwaka 1972 ilianza kuuzwa Leone ya kubebea familia yenye magurudumu manne, wakati ambapo magari ya namna hiyo duniani yalikuwa karibu yote ya jeshi au ya shambani. Forester unayoitaka ni mjukuu wa gari lile la mafundi wa umeme.

Historia ya Marekani nitaipita haraka, ingawa ina kichekesho kimoja. Mwaka 1968 wafanyabiashara Malcolm Bricklin na Harvey Lamm walianza kuingiza Subaru 360 nchini humo, na mwaka uliofuata jarida la walaji la Consumer Reports likatangaza kwamba gari hilo halikubaliki kabisa kwa usalama. Biashara ilinusurika kwa sababu ya zile Leone, ambazo wakazi wa majimbo yenye theluji walizipenda, na leo Marekani ndilo soko kubwa la Subaru kuliko hata Japan yenyewe. Desemba 2024 jarida lilelile liliiweka Subaru namba moja katika orodha yake ya kampuni zenye magari ya kutegemewa. Hata hivyo, usije ukamwonyesha mjomba habari hiyo ukidhani umeshinda kesi, kwa maana orodha hiyo ilihusu magari mapya ya Marekani yaliyohudumiwa tangu siku ya kwanza. Hayo siyo magari ya mnada yanayoshuka Mombasa.

Kwetu Kenya jina hili halikuletwa na jarida lolote, lililetwa na vumbi la Safari Rally. Subaru ilileta Leone kwenye mashindano hayo mwaka 1980. Mwaka 1993 ilileta kitu ambacho wengi walikicheka, yaani kigari cha Vivio chenye injini ya sentimita za ujazo 660 hivi, na mmoja wa madereva watatu waliopewa kigari hicho alikuwa Mkenya Patrick Njiru, aliyekifikisha mwisho huku mwenzake Colin McRae akiishia njiani. Mwaka uliofuata Njiru alishika nafasi ya nne kwa jumla akiendesha Impreza ambayo haikuwa imebadilishwa sana kutoka ile ya dukani. McRae naye alirudi akashinda mwaka 1997, na Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote kwa Impreza. Mtu aliyekuwa mtoto wa shule miaka ile, akisimama kando ya barabara akiisikia ile ngurumo kabla hajaliona gari, hahitaji tangazo la biashara. Subaru ilijiondoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008, lakini kwa mapenzi ya Wakenya ni kana kwamba hakuna aliyepata habari.

Kuna na sababu ya pili ya mapenzi hayo, ambayo vijana huisikia mguuni bila kuijua kwa jina. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililosifiwa nguvu Yokohama hupanda mlima wa Mbaruk likihema. Turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, ikafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Forester yenye turbo haibadiliki sana ikipanda kutoka Mombasa hadi Timboroa, na dereva aliyezoea gari lisilo na turbo akilijaribu kwa mara ya kwanza hutoka akitabasamu.

Ngurumo yenyewe, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, si ya boksa peke yake. Hutokana na mabomba ya moshi ya silinda nne kuwa na urefu usiolingana, hivyo mapigo ya moshi huwasili kwenye bomba kuu bila mpangilio. Japan ilipoyasawazisha mabomba hayo katika Legacy yenye turbo ya mwaka 2003 na katika baadhi ya Impreza za miaka hiyo, gari likapata nguvu nzuri zaidi na ngurumo ikapotea. Nimewahi kulipwa na kijana ili niyarudishe mabomba ya zamani yasiyolingana, gari lake likawa zito kidogo kuamka, naye akaondoka amefurahi.

Sasa tuje kwenye kilio cha mjomba. Legacy ya 1998 ilikuwa ya zama za injini za familia ya EJ, zilizoanza na Legacy ya kwanza mwaka 1989. Ikiwa yake ilikuwa ya lita 2.5, basi alinunua injini iliyoipa Subaru sifa mbaya kuliko zote. Silinda zikilala, gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kati ya bloku ya injini na kichwa chake, husimama wima, na gari likizimwa, oili na kulanti, maji ya kupozea injini, hutuama kwenye ukingo wake wa chini badala ya kushuka na kuiacha kavu. Katika lita 2.5 za mwanzo tundu za silinda zilipanuliwa, ukingo wa kukalia gasketi ukapungua, na gasketi zenyewe hazikuistahimili kazi. Za kwanza zilivujisha kwa ndani, gesi ya moto ikaingia kwenye kulanti na injini ikachemsha ghafla safarini, hasa mlimani. Zilizofuata zilivujisha kwa nje, polepole, tone kwa tone. Zile za lita 2.0, ambazo ndizo nyingi zaidi katika magari yaliyotoka Japan, hazikuwa na ugonjwa huo kwa kiasi hicho.

Hata hivyo, si kila gasketi iliyokufa Kenya iliuawa na kiwanda. Mwaka fulani niliuziwa Legacy ya lita 2.0 kwa bei ya kutupa kwa sababu ilikuwa ikichemsha. Nilipofungua rejeta nilikuta maji ya bomba yenye rangi ya chai, na nilipofungua kikombe cha thamostati nilikuta thamostati haimo. Fundi wa karakana moja ya mtaani alikuwa ameiondoa ili "injini ipate baridi." Katika Subaru, thamostati hukaa upande ambao maji baridi huingilia injini, na kazi yake ni kuyachanganya ya moto na ya baridi kwa kipimo. Ukiiondoa, injini hubaki baridi isivyotakiwa kwenye mteremko, kisha kwenye mlima joto hupanda na kushuka kwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yanayoichosha gasketi. Isitoshe, fundi huyo alijaza maji bila kutoa hewa. Juu ya rejeta ya Subaru nyingi kuna skrubu ndogo ya plastiki kwa ajili hiyo. Usipoifungua wakati wa kujaza, mfuko wa hewa hubaki ndani, na siku ya pili gari huchemsha, mwenye gari akaambiwa kwamba Subaru ndivyo zilivyo. Ile Legacy niliiwekea gasketi za chuma zenye matabaka, thamostati halisi na kulanti ya kufaa, na iliendelea kunipeleka kazini kwa miaka.

Kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali kwa kufuatana na pistoni, injini za EJ zote huutumia, na Japan hupendekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, katika nyingi ya injini hizi vali hugongana na pistoni na gharama yake hukaribia ya injini nzima. Gari la mnada likija na odomita ya 90,000, wewe ndiye utakayeulipia mkanda huo, kwa hiyo uuhesabu kwenye bei ya kununulia, pamoja na pampu ya maji na zile roli zinazoukaza, kwa kuwa vyote hufunguliwa kwa kazi moja.

Zenye turbo zina masharti yao. Kule Japan ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu, yenye oktani kubwa kuliko petroli ya kawaida ya kwetu, na kijana anayeongeza msukumo wa turbo kwa kompyuta bila kufikiria mafuta anayonunua huisikia injini ikigongagonga, kisha siku moja pistoni hupasuka kwenye mfereji wa ringi. Oili iwe ya sanisi, na ibadilishwe kila kilomita 5,000. Katika turbo nyingi za miaka ya 2000 kuna bolti yenye tundu inayopitisha oili kwenda kwenye turbo, na ndani ya bolti hiyo Subaru ilificha wavu mdogo wa kuchuja, mdogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Oili ikichelewa kubadilishwa, wavu huo huziba kwa masizi, turbo hukosa oili na kuanza kulia kama filimbi. Wengi hununua turbo mpya, wakaifunga, nayo ikafa baada ya wiki chache, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuutazama wavu.

Mnamo Oktoba 2010 Forester isiyo na turbo ya kizazi kinachoitwa SH ilibadilishiwa injini, ikapewa ile ya familia mpya ya FB, yenye mnyororo badala ya mkanda. Ugonjwa wa gasketi ulipungua sana. Ulikuja mwingine, wa kula oili, kwa kuwa ringi za pistoni za miaka ya mwanzo zilifanywa nyepesi ili kuokoa mafuta. Huko Marekani wamiliki wa magari ya kati ya 2011 na 2014 waliishtaki kampuni, na kesi ikaisha mwaka 2016 kwa makubaliano ya kurefusha dhamana ya injini hizo. Kwa hiyo mjomba anaposema Subaru inakula oili, kuna injini ambazo ni kweli. Dawa yake hapa ni ya kizamani: chomoa kijiti cha oili kila unapojaza tangi, ukitazame. Taa ya dashibodi si ya kungojewa.

Kizazi kilichofuata, SJ, kilianza mwishoni mwa 2012, nacho kilileta gia ya otomatiki isiyo na hatua, ile inayotumia mnyororo na puli badala ya meno. Wamiliki wamegawanyika juu yake. Wanaotoka kwenye gari la gia nne huipenda kwa mafuta inayookoa; wanaopenda kuendesha kwa kasi huiona kama kamba ya mpira inayovutika. Subaru ilirefusha dhamana ya gia hizo Marekani hadi miaka 10 kwa magari mengi ya 2010 hadi 2018, na kampuni hairefushi dhamana ya kitu kisichosumbua. Wauzaji watakuambia oili ya gia hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Mimi huibadilisha kila kilomita 50,000 hivi, kwa oili ya Subaru yenyewe, kwa sababu ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida gia hiyo haitakusamehe.

Kwa matumizi ya mafuta, Forester ya lita 2.0 isiyo na turbo inayoletwa kwetu kwa huduma hutoa kilomita 9 hadi 11 kwa lita mjini, na yenye turbo hushuka hadi 7 au chini yake ikiendeshwa na kijana. Spea si shida kama zamani, maana barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ina maduka yasiyouza kitu kingine, lakini spea nyingi za bei nafuu ni za bandia, na tofauti hujitokeza kwenye thamostati, sensa na beringi za magurudumu ya nyuma. Kazi ya ufundi nayo hugharimu zaidi kidogo, kwa sababu plagi za injini iliyolala zimebanwa kati ya injini na chesi, na fundi anayezibadilisha kwa mara ya kwanza hutoka na vidole vimechubuka.

Utasikia pia kwamba Subaru siku hizi ni Toyota. Toyota ilinunua hisa za kwanza mwaka 2005 na tangu 2020 ina asilimia 20. Wameunda pamoja gari la michezo la BRZ na lile la umeme la Solterra, lakini injini ya Forester imebaki ya Subaru. Jina la Fuji Heavy Industries lilifutwa Aprili 2017, kampuni ikaitwa Subaru. Miezi michache baadaye ilikiri kwamba kwa miongo kadhaa magari yake nchini Japan yalikaguliwa kiwandani na watu wasio na cheti, ikayaita karibu 395,000 yakaguliwe upya. Aibu ilikuwa kubwa, ingawa wamiliki wachache sana walipata hitilafu yoyote kutokana nayo.

Basi ununue ipi? Ukiagiza kutoka Japan, sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8, kwa hiyo utaangukia kizazi cha SK kilichoanza 2018, ambacho Japan kilikuja na lita 2.5 au na lita 2.0 yenye msaada wa umeme. Kwa barabara zako ningeipendelea ile ya lita 2.5, kwa sababu betri ya kusaidia injini ni kitu kingine cha kuzeeka. Akiba isipotosha, tafuta SJ isiyo na turbo iliyo tayari nchini, ya 2015 kuendelea, au SH ya mwisho yenye injini ya FB na gia nne za otomatiki. Hiyo SH haina mbwembwe, lakini ndiyo ambayo huirudia karakana yangu mara chache zaidi. Yenye turbo sikukatazi, ila usinunue ya mtu aliyeibadilisha kompyuta, na usinunue kwa fedha zako zote, ubaki na za kuitunza mwaka wa kwanza. Lita 2.5 za zama za mjomba muachie mjomba.

Siku ya kuliona gari, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ina joto, ahirisha uende siku nyingine, maana injini ya Subaru yenye kasoro huficha mengi ikishapata moto. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha tangi la akiba la kulanti, uliwashe, ulitazame kwa dakika 20. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, lakini mapovu yasiyokoma, au utando mweusi wenye harufu ya moshi juu ya maji, ni gasketi. Kisha ulale chini na tochi, umulike mahali hedi inapokutana na bloku kushoto na kulia, utafute unyevu. Chomoa kijiti cha oili. Endesha gari ukipanda mlima, halafu geuza usukani hadi mwisho kwenye uwanja wa lami na usonge polepole: likigugumia kana kwamba breki imeshikwa, klachi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma imechoka.

Mwisho tazama matairi. Kwa kuwa magurudumu yote manne yamefungamana, kampuni hutaka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi, na ikizidi, klachi hiyo huteleza na kuchemka kila kilomita unayokwenda. Ukikuta tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, au chapa tatu kwenye gari moja, muulize mwenyewe ametembea hivyo kwa muda gani, na muulize pia kama gari limewahi kukokotwa na breki-daun huku magurudumu mawili yakiburuzwa chini. Asipokuwa na jibu, ondoa gharama ya gia boksi kwenye bei kabla hujasema neno la pili.